Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: umeme wa neva usiishie kwenye mchoro

Mheshimiwa Waziri, salaam. Mimi ni mwalimu wa fizikia kidato cha tano na sita, na leo sijaja na habari za mshahara, hizo tutaongea siku nyingine.

Ni hivi, mtoto wa PCB (fizikia, kemia na bailojia) anachora ile grafu ya ujumbe unaopita kwenye neva, volteji ya utando wa seli inapanda kutoka -70 milivolti mpaka kama +40 halafu inashuka, anakariri, anapata maksi, basi. Muulize kwa nini inageukia pale juu na sio pengine, kimya. Na mie huku nimeshamfundisha kapasita na sheria ya Ohm, ila hakuna aliyemwambia kwamba utando huo ni kapasita, unatunza chaji, na vimilango vyake vya kupitisha ioni ni rezista, vizuizi vya mkondo, zinazobadilika kufuatana na volteji.

Wanasayansi Hodgkin na Huxley walilifanya hili Uingereza, wakalichapisha 1952. Walitumia ngisi, ndio, ndugu wa hawa tunaokula huku pwani, maana ana uzi wa neva mnene kama nusu milimita, waya unapita ndani. Wakaizuia volteji isibadilike wakapima mkondo, wakatenganisha wa sodiamu na wa potasiamu, wakaandika ekwesheni. Sasa hapa ndo huwa nasisimka: ekwesheni zikasema ujumbe utasafiri mita 18.8 kwa sekunde, kwenye neva yenyewe ikapimwa 21.2! Na wakati huo hakuna aliyekuwa ameviona hivyo vimilango. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa matengenezoni, Huxley akapiga hesabu kwa mashine ya kuzungusha na mkono, wiki kama tatu.

Kwahiyo wakisema "maabara hatuna" siwaelewi, laptop yoyote ya ofisi ya mwalimu inazimaliza hesabu hizo kwa sekunde.

Naomba uwaambie Taasisi ya Elimu (TET), watunga mitaala, watupe vipindi viwili vitatu tu, mwalimu wa fizikia na wa bailojia waingie darasa moja, watoto wabadilishe namba za ekwesheni wenyewe kwenye laptop, wazibe milango ya sodiamu waone ujumbe unakufa, ndo kazi inayofanywa na sindano ya ganzi ya daktari wa meno. Na PCM (fizikia, kemia na hesabu) waitwe pia, wao ndo wana hesabu za kutosha ila bailojia waliiacha kidato cha nne, wakati PCB wamebaki na BAM, zile hesabu za msingi. Halafu Baraza la Mitihani (NECTA) watunge swali moja lisilojibika kwa kuchora.

Mwalimu wa fizikia, Tanga