Malalamiko kuhusu atenueta za "wati 50" mlizotuuzia

Arua, 14 Mei 2024

Kwa Meneja Mauzo,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: ATENUETA MBILI ZA DESIBELI 30 ZENYE LEBO YA UONGO

Mimi ni fundi mitambo wa redio ya jamii hapa Arua. Tarehe 6 Mei nilinunua kwenu atenueta mbili za kebo ya koaksia, yaani vifaa vya kupunguza nguvu ya mawimbi, desibeli 30, omu 50, viungio aina ya N, kila moja shilingi 420,000. Zikaja kwa basi la usiku. Lebo zimeandikwa wati 50, lakini nilipozishika nikaingiwa na shaka: nyepesi, hazizidi kidole changu cha kati, hazina hata pezi moja la kupoozea joto. Nikawapigia simu palepale. Mhudumu wenu akanijibu, "Fundi, desibeli ni desibeli, wewe funga tu." Nilimwamini, kwani nimekuwa mteja wenu kwa miaka.

Desibeli si wati. Atenueta ya desibeli 30 inapitisha sehemu moja tu katika elfu. Zikiingia wati 40, upande wa pili zinatoka miliwati 40, na zote zilizobaki zinageuka joto humo humo ndani ya kile kipande cha chuma. Wati za kwenye lebo ndizo zinazomwambia fundi kama kitahimili joto hilo au kitaungua.

Jumamosi tarehe 11, alfajiri, kabla hatujafungua matangazo, niliifunga moja kati ya transmita na mashine yangu ya kupimia mawimbi. Transmita ilikuwa kwenye wati 40. Dakika ya tatu nikasikia harufu ya gundi inayoungua. Kipimo kikaruka juu desibeli 5 kwa mara moja, nguvu zikarudi nyuma kwenye transmita, na kabla kinga yake haijaizima, transista ya mwisho ya amplifaya ilikuwa imekwisha kufa. Mashine ya kupimia ilinusurika, namshukuru Mungu, maana hiyo si yangu peke yangu, tunachangia mafundi watatu.

Nilipoipasua nikakuta rezista ya mlangoni, ile inayobeba karibu mzigo wote, imepasuka katikati na kuwa nyeusi kama mkaa. Joto lilikuwa limelegeza lebo. Nikaichokonoa kwa ukucha, na chini yake, kwenye chuma chenyewe, pamechongwa wati 5. Nikabandua lebo ya ile ya pili, ambayo haijawahi kuona umeme. Nayo wati 5.

Kiwanda kiliandika ukweli. Kuna mtu aliyekaa akaufunika kwa karatasi. Awe ni nyinyi au aliyewauzia, mimi risiti yangu ni ya kwenu.

Huku kwetu redio ndiyo hupeleka habari za misiba. Asubuhi ile nilikuwa na karatasi tatu mezani, moja ya mzee aliyekuwa azikwe saa nane mchana, wanawe wako Koboko na Nebbi. Tulipata transista ya kuazima tukarudi hewani saa kumi na mbili jioni. Mzee alikuwa ameshazikwa. Mwanawe wa Koboko alikuja ofisini Jumapili kuniuliza kwa nini hatukutangaza, na sikuwa na la kumwambia.

Nataka mnirudishie shilingi 840,000 na mlipe gharama ya transista. Risiti yake na picha za lebo nimeziambatanisha. Msinitumie nyingine za shehena hiyo. Na leo hii, kabla hamjashughulikia pesa zangu, wapigieni simu wote mliowauzia, waibandue lebo kwanza kabla ya kufunga. Kuna wenye transmita kubwa kuliko yangu.

Atenueta nzima ninayo mimi, na lebo yake. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitaifikisha UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwa mkono wangu.

Wenu,
Fundi Mitambo,
Arua