Mbwa aliyelegea miguu ya nyuma anaokolewa na kibofu chake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mbwa aliyeamka asubuhi akiburuta miguu ya nyuma mara nyingi hafi kwa sababu ya miguu hiyo. Anakufa kwa kibofu kilichojaa bila mtu kujua, kwa vidonda vya kulala upande mmoja, au kwa sindano aliyochomwa harakaharaka na mtu asiyempima. Yote matatu yanazuilika nyumbani, na inasikitisha mno kuona mbwa wenye uwezo wa kutembea tena wakiuawa siku ya pili kwa kuwa "kavunjika mgongo huyo".

Jambo la kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hauji kwa ukali kila mara. Upo wa kimya, na unaweza kuanzia miguu ya nyuma. Kama mbwa hajachanjwa au chanjo yake imepitwa na wakati, na pamoja na kulegea anadondosha mate, taya linaning'inia, sauti imebadilika au anashindwa kumeza, usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliomkwama. Mfungie mahali pake, zuia watoto, mwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye mchubuko, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuchomwa chanjo.

Kichaa kikishawekwa kando, angalia mbwa mwenyewe. Ufizi uliopauka na mkojo wa rangi ya chai ya rangi huenda ni dalili za homa ya kupe, na kinacholegea hapo ni mwili mzima. Ulegevu unaopanda kutoka nyuma kuja miguu ya mbele, kisha pumzi ikawa nzito, unataka daktari saa hiyohiyo. Wakati mwingine ni sumu ya kupe, kwa hiyo mpapase mwili mzima, hasa ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Nyayo za nyuma zikiwa baridi kuliko za mbele, damu haifiki huko, na hilo nalo ni la dharura.

Wanaobaki, wengi wao tatizo liko kwenye uti wa mgongo. Mbwa wa mwili mrefu na miguu mifupi kama Dachshund hupasukiwa na gegedu, ule mto laini ulio katikati ya pingili za mgongo, likaukandamiza uti, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya pingili hizo. Huyo ana maumivu, anakunja mgongo, analia ukimnyanyua. Mbwa wakubwa kama German Shepherd wanaweza kupatwa na jingine: kipande kidogo cha gegedu huziba mshipa wa damu unaolisha uti. Anakuwa anacheza, analia mara moja, anaanguka. Mara nyingi upande mmoja umelegea zaidi, na baada ya siku moja hana maumivu tena wala hali haizidi kuwa mbaya. Tofauti hii ina uzito, maana wa kwanza anafungiwa atulie na wa pili anaanzishiwa mazoezi mapema. Daktari ndiye wa kuamua ni yupi.

Wakati wa kumpeleka kwa daktari usimbebe kwa makwapa huku nyuma pananing'inia. Mtelezeshe juu ya ubao, au blanketi lililokazwa na watu wawili, umfunge kwa khanga mabegani na nyongani asigeuke. Ukifika, mwombe daktari apime hisia ya ndani. Anabana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Mguu ukijivuta, hiyo pekee si habari njema, kwa sababu ujumbe unaweza kuzunguka ndani ya uti bila kufika kwenye ubongo. Tazama kichwa. Akigeuka, akilia, akiacha kuhema ghafla au akitaka kung'ata, hisia ipo, na wengi wa namna hii husimama tena. Asiyehisi kabisa ana nafasi ndogo zaidi, na kama upasuaji unapatikana, ufanywe mapema iwezekanavyo.

Kuhusu dawa nitasema kwa ukali. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Kumchanganyia deksamethasoni au prednisoloni, ambazo ni dawa za steroidi, na dawa za maumivu za jamii hiyo ya diklofenaki ni kumtafutia kutokwa na damu tumboni. Wenye maduka ya dawa za mifugo wanajua wateja huja kuomba "sindano ya mgongo". Nawasihi wasiwauzie bila karatasi ya daktari. Hata dawa sahihi ina hatari yake: mbwa mwenye gegedu lililopasuka akipata nafuu ya maumivu bila kufungiwa, atakimbia, na gegedu litatoka zaidi.

Sasa kibofu. Watu huona mkojo ukidondoka kwenye matandiko wakasema anakojoa vizuri. Huo ni mfurikiko, yaani kibofu kimejaa hadi kinamwaga. Mkojo uliolala humo huoza, bakteria hupanda hadi figo, na msuli wa kibofu uliovutika sana unaweza usirudi tena. Lazima umkamue kila baada ya saa 6 hadi 8, usiku nao umo. Mlaze ubavu, au mtu wa pili amsimamishe. Weka viganja pande mbili za tumbo, mbele kidogo ya mapaja, vidole vimenyooka. Utahisi kitu cha duara kama chungwa lililojaa maji, kwa mbwa mkubwa kama embe dodo. Bana polepole viganja vikielekeana, nguvu ikielekea mkiani, kisha shikilia hapohapo. Mkojo huchukua sekunde kadhaa kuanza, na hapo ndipo wengi huachia mapema. Endelea hadi mkondo ukatike, pumzika, rudia mara moja. Usitumie ncha za vidole, na kikigoma usiongeze nguvu, kibofu hupasuka; msuli wa mlangoni umekaza, na anahitaji dawa ya kuulegeza au kuwekewa mpira wa mkojo. Mkojo wenye damu, ukungu au harufu kali kuliko jana upeleke ukapimwe. Choo kikubwa hakina shida sana, hujitokea chenyewe.

Kwa mwenye gegedu lililopasuka, kufungiwa maana yake ni wiki 4 hadi 6 ndani ya kizimba, si kufungwa kamba uani. Kizimba kimtoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Chini weka godoro la sponji la sentimita 10, juu yake nailoni, kisha kitambaa kinachobadilishwa kila kinapolowa. Mgeuze upande kila saa 4, na kila ukimgeuza tazama nyonga na viwiko. Manyoya yakianza kunyonyoka na ngozi ikawa nyekundu, kidonda kinakuja. Mwoshe mkojo kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kabisa, umpake Vaseline nyembamba. Katika joto letu nzi hutaga kwenye manyoya yenye mkojo, na funza huonekana ndani ya siku moja tu, kwa hiyo mkague chini ya mkia asubuhi na jioni. Asiyeweza kuhama pia hawezi kulikimbia jua wala siafu. Chakula mpunguzie kama robo, kwa kuwa hatembei na kila kilo inaulemea mgongo.

Mazoezi yakiruhusiwa, mlaze ubavu mgongo ukiwa umenyooka. Kunja na kunjua kila kiungo peke yake, vidole, kifundo, goti, nyonga, mara 10 kila kimoja, kutwa mara 3. Malizia kwa kuuzungusha mguu wote kama anayeendesha baiskeli. Akianza kusimama, pitisha khanga iliyokunjwa chini ya tumbo karibu na mapaja, kwa dume isibane uume, umtegemeze bila kumning'iniza. Nyayo ziguse chini na zibebe uzito kidogo. Dakika 5 zinatosha. Sakafu ya vigae humtelezesha hadi akate tamaa, mtandikie zulia au mpira. Nyayo zinazopinduka huchubuka mgongo wa vidole, mvishe soksi anapotembezwa tu, uivue akirudi.

Nafuu ina mpangilio: kwanza hisia, kisha mkia unaotikisika anapoitwa jina, kisha mguu unaosukuma akiwa amelala, ndipo kusimama na kutembea kwa kuyumba. Mkia usiudharau. Daktari anayeona mkia ukijibu sauti ya mwenye mbwa ana sababu ya kuahirisha sindano ile ya mwisho.

Na asiyesimama kabisa bado anaweza kuishi vizuri iwapo kibofu kinakamuliwa. Fundi bomba atakutengenezea kigari cha mabomba ya plastiki na magurudumu mawili ya kigari cha mtoto. Upana uwe wa nyonga na sentimita 5 za ziada, kimo ni kile kinachoacha mgongo ukiwa sawa na mabega. Siku za mwanzo dakika 10, baadaye nusu saa, na usimwache peke yake ndani yake, maana akichoka hawezi kulala.

Daktari wa mifugo,
Morogoro