Meli zipunguze mwendo Ghuba ya Masirah

Ndugu Mhariri,

Nimeshika usukani wa meli za mizigo sehemu kubwa ya maisha yangu, hasa njia ya Mombasa kwenda Ghuba. Naomba nafasi niwatetee nyangumi wenye nundu wa Oman.

Hawa si wale wanaotoka Antaktika na kuonekana Kizimkazi na Watamu kuanzia Julai. Wa Oman hawahami. Wanakaa Bahari ya Arabuni mwaka mzima, wakila dagaa wanaojaa pale upepo wa kusi unapopandisha maji baridi kutoka chini. Miaka ya 1965 na 1966 meli za Kisovieti ziliwaua 242. Wataalamu walipowahesabu baadaye pwani ya Oman kwa picha za mikia yao, walikadiria 82 tu. Na jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Sasa bandari kubwa ya Duqm iko ukingoni mwa Ghuba ya Masirah, makazi yao hasa. Watu hudhani baharia atamwona nyangumi amkwepe. Hapana. Chumba cha usukani cha meli nyingi za makontena kiko nyuma, na shehena iliyopangwa mbele inaziba macho. Kanuni za kimataifa zinaruhusu hadi mita 500 za bahari mbele ya omo, yaani ncha ya mbele ya meli, zisionekane. Nyangumi aliyepumzika na mwanawe akiwa hapo, humwoni. Ukimgonga, meli haishtuki, hata chai haimwagiki kikombeni.

Dawa ni mwendo. Marekani tangu 2008 inazitaka meli za futi 65 na zaidi zisizidi noti 10, yaani kama kilomita 18 na nusu kwa saa, katika maeneo na misimu ya nyangumi wake. Huko Sri Lanka, kampuni ya meli ya MSC ilisogeza njia ya meli zake kusini mwaka 2022 kuwakwepa nyangumi. Matajiri wa meli watalalamikia ratiba. Lakini mara ngapi tumekimbia usiku kucha, kisha tukatia nanga nje kungoja gati?

Ndugu zetu mlioko Maskati, Sur na Salalah, mwenye jamaa bandarini au kwa mawakala wa meli amwambie: noti 10 Masirah, usiku na mchana. Nanyi vijana mlioko usukanini, mwombeni nahodha apunguze.

Baharia Mstaafu,
Unguja