Mfarishi huharibikia tumboni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaoanza kushona mifarishi, yaani mablanketi ya viraka, nyumbani kwa cherehani. Baridi ya Juni na Julai ikiingia Dodoma na Singida, na ule upepo wake, watu wanafungua mafurushi ya vipande vya vitenge na kazi inaanza. Wiki nzima inaisha kwenye kuchagua rangi za viraka vya juu. Cha katikati na cha chini kinaokotwa chochote kilichopo. Mfarishi ukikunjamana, au pamba ikijikusanya pembe moja, lawama zote zinaiendea cherehani, na mara nyingi haina kosa.

Mfarishi ni matabaka matatu: viraka juu, pamba kati, kitambaa kizima chini. Mistari ya mshono inayopita katika yote matatu si urembo tu, ndiyo inayoishika pamba isitembee. Kwa hiyo pamba ndiyo inayoamua mistari ikae karibu kiasi gani, na si macho yako.

Sufi na pamba ya kuchambua ziachwe kwenye mito. Ndani ya mfarishi zinafanya mabonge mara tu zinapofuliwa. Vipande vya sponji navyo vinateleza na baada ya muda vinasagika. Inayotakiwa ni pamba iliyobanwa ikawa kama shuka, inayokatwa kwa mita. Ya faiba, yaani nyuzi za plastiki, ni nyepesi, ina joto, inakauka upesi na haiogopi maji, ila pasi ya moto inaiyeyusha na nyuzi zake hupenya vitambaa vyepesi zikatokeza nje kama ndevu. Ya pamba tupu inalala vizuri, haitelezi chini ya sindano, na anayeanza ataiona tiifu zaidi. Ubaya wake ni kwamba hupungua ikifuliwa, inchi 3 hadi 5 katika kila inchi 100, na isiyoimarishwa kiwandani inataka mistari isiyoachana zaidi ya inchi 3. Muuzaji akibabaika kuhusu aina yake, nyofoa nyuzi chache uziwashe kiberiti ukiwa nje ya duka. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Faiba huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Unene uwe kama robo inchi. Ile nene ya mafundi wa sofa haipiti chini ya mguu wa cherehani ya nyumbani, na wanaoipasua katikati ili ipungue wanajitafutia balaa. Uso wake umegandishwa kiwandani kwa makusudi ili nyuzi zisitoke. Ukiipasua, upande mmoja unabaki wazi na ndevu zinaanza hapo. Ukikosa pamba ya kufaa, chukua blanketi jembamba la pamba lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Haliwi na joto kubwa, lakini kwa kujifunzia sijui kitu kizuri kulishinda. Blanketi la manyoya liache kitandani.

Kitambaa cha chini nacho kina mambo yake. Kitenge cha pamba ndicho bora kwa anayeanza, na kikiwa na maua mengi ni bora zaidi, kwa kuwa kinaficha mshono uliopinda. Kitambaa cha marekani au popolini cha rangi moja kinaonyesha kila kosa. Khanga inavutia, lakini nyingi ni nyepesi: iwekee pamba tupu na si faiba, na ukumbuke kwamba pindo na maandishi yake yatakatwa na mistari ya mshono, basi panga mapema neno lisije likasomeka nusu. Tetroni inateleza, na katika hewa kavu ya hapa inavuta vumbi. Vyovyote vile, fua kwanza ili wanga utoke na kitambaa kipungue kabisa. Chumvi na siki havishiki rangi ya kitenge, ingawa ushauri huo kila mtu anao. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu yake uone kama kinachafuka.

Tuchukue mfarishi wa mtoto, inchi 36 kwa 45. Ni viraka 20, vinne kwa upana na vitano kwa urefu, kila kimoja kikatwe inchi 9 na nusu kwa 9 na nusu, kwa mshono unaopita robo inchi kutoka ukingoni. Fundi aliyezoea nguo mkono wake unakimbilia nusu inchi. Hapa usikubali, kwani mfarishi utatoka mfupi na mishono minene itaigomea sindano. Pamba iwe 40 kwa 49. Kitambaa cha chini kiwe 44 kwa 53, yaani yadi moja na nusu ya kitenge cha upana wa inchi 45, ikipimwa baada ya kufuliwa, inatosha bila kuunga. Ziada hiyo ina kazi: ukishona, matabaka yanavutwa kuelekea katikati. Kwa mfarishi mkubwa utaunga vipande viwili. Kata kwanza kingo za kiwandani, maana zimefumwa kwa kukazwa na zitakunja mshono.

Sasa sakafu. Fagia, piga deki, iache ikauke kabisa. Usitumie mkeka, unasogea. Tandaza kitambaa cha chini, uso wake ukiangalia sakafu, kinyooshe bila kukivuta, kibandike kingo kwa utepe wa gundi. Juu yake pamba, na viraka vilivyoungwa na kupigwa pasi vije mwisho, kwani baada ya hapo pasi haifiki tena ndani. Bana kwa pini za nepi kuanzia katikati ukitoka nje, ukiacha nafasi ya ngumi moja kati ya pini na pini. Huna pini za kutosha? Piga bandi, ule mshono wa muda, kwa mkono, hatua za inchi 2, mistari ikitoka katikati kama miale ya jua. Inachosha, najua. Kufumua mstari wa cherehani uliopita katika matabaka matatu kunachosha mara tatu.

Weka sindano mpya namba 90, au 100 kama pamba ni nzito. Hatua ya mshono iwe milimita 3 hadi 3 na nusu. Meno ya cherehani yanalivuta tabaka la chini haraka kuliko la juu, na hicho ndicho chanzo cha mikunjo. Mguu maalumu unaotembea pamoja na kitambaa unaponya hilo. Usipokuwa nao, legeza kidogo skrubu ya juu ya kichwa inayokandamiza mguu, kisha jaribu kwenye kipande chenye matabaka yaleyale. Anza na mstari wa katikati, uende upande mmoja mpaka ukingoni, urudi katikati umalizie wa pili. Mistari yote ianzie upande uleule: ukipishanisha, matabaka yatavutana kimshazari. Viringisha sehemu iliyo kulia ipite chini ya shingo ya cherehani, na kushoto weka meza ya kubeba uzito. Mfarishi unaoning'inia huvuta sindano ikapinda, ikagonga bamba na kuvunjika.

Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, usikimbilie bobini. Karibu kila mara kosa liko juu: uzi ulipitishwa mguu ukiwa umeshushwa, haukuingia kati ya visahani vya kukazia. Inua mguu, upitishe upya. Mshono ukiruka, sindano ni butu au ni nyembamba mno. Kila bobini mbili fungua bamba, futa manyoya yaliyojaa kwenye meno, tia tone moja la mafuta, ushone kwanza kitambaa chakavu.

Ukingo ni rahisi: tepe 5 za upana wa inchi 2 na nusu zilizokatwa kukingama upana wa kitenge, ziungwe, zikunjwe katikati kwa urefu, zizungushwe.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vitambaa hapa mjini: kwenye jora la pamba andikeni kama ni faiba au pamba tupu, na unene wake. Kalamu na kipande cha boksi vinatosha, na mteja hatahitaji kuja na kiberiti.

Fundi cherehani,
Dodoma