Pa kulala Dar kabla ya boti

Assalam aleikum ndugu zangu, habari za jioni. Suala la pa kulala Dar kabla ya kuvuka kwenda Unguja naomba tulimalize leo.

Basi kutoka Mtwara litatushusha Mbagala Rangi Tatu, watoto wakiwa hoi. Najua wapo wanaotaka tulale hapohapo Mbagala kwa sababu ya bei. Mimi sikubaliani. Boti ya asubuhi inaondoka saa moja, na foleni ya Barabara ya Kilwa alfajiri mnaijua. Kariakoo nako ni makelele usiku kucha. Napendekeza Kisutu. Ukitoka pale na teksi, dakika chache tu uko bandarini, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu.

Nimeuliza hoteli kadhaa. Niliyoipenda ina vyumba vya vitanda vitatu, wanaongeza godoro la mtoto bila malipo, na lifti ipo, maana bibi yetu na magoti yale hatumpandishi ngazi. Chai yao inaanza saa moja, wakati sisi tunang'oa nanga, ila wamekubali kutufungia chapati na mayai tangu usiku. Hilo ndilo lililonivuta zaidi.

Kila familia iandike hapa idadi ya watu na umri wa watoto kabla ya Ijumaa, na nusu ya pesa ya chumba itumwe kwa mweka hazina. Vitambulisho viwe mkononi. Wenye watoto wachanga nijulisheni mapema, niwaombee chumba cha mbali na jenereta.