Barua ya Wazi kwa Wanangu Mnaosomea Uhandisi Kilimo

Wanangu na wajukuu zangu mlioko vyuoni,

Nawasalimu nyote. Nimestaafu baada ya miaka mingi ya kazi ya afisa zana za kilimo wilayani, na nisingeshika kalamu kama si jambo nililolishuhudia kijijini kwetu, mkoani Morogoro, mwezi wa saba uliopita, ambalo mpaka leo limenikaa rohoni.

Vijana wanne wa mwaka wa mwisho walikuja kuijaribu mashine ya kupukuchulia mahindi waliyoitengeneza wenyewe. Mama mmoja mjane aliwapa magunia matatu. Injini iliwaka, mashine ikanguruma, watu wakapiga makofi, na baada ya dakika chache gunia la kwanza lilikuwa limekwisha. Nilichota mahindi, nikayamwaga juu ya mkeka na kuhesabu punje 100. 23 zilikuwa zimepasuka. Nikauliza mahindi yalikuwa na unyevu kiasi gani, wakatazamana. Nikauliza mashine inazunguka kwa kasi gani, mmoja akafungua simu na kunionyesha mchoro. Walikuwa wamepima kilo kwa saa tu. Mwenyekiti wa kijiji alipotia sahihi fomu yao, walipanda bodaboda wakaondoka, huku mama yule akiwa ameinamia mkeka na kuuliza, “Sasa haya nitayaweka wapi?” Hakuna aliyemjibu.

Wanangu, swali hilo ndilo lililopaswa kutangulia mchoro. Punje iliyopasuka ni mlango ulioachwa wazi kwa wadudu na ukungu, na ukungu huo ndio unaozaa sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 msiba kama huo ukatufika sisi Dodoma na Manyara. Ninyi mnaliona kosa hilo kama alama zilizopungua katika ripoti. Nyumbani kwa mama yule ni chakula cha watoto mpaka msimu ujao.

Kesho yake, baada ya wale vijana kuondoka, nilitia punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, nikaitikisa, nikaiacha itulie. Chumvi iliganda ukutani mwa chupa. Kila mzee wa kazi hii anajua maana yake: unyevu umezidi asilimia 15, wakati mahindi ya kuweka ghalani hayatakiwi kuzidi 13.5. Tukayaanika yale mahindi yaliyobaki, ambayo hayajapukuchuliwa. Kisha fundi wa kijijini, ambaye hakuvuka darasa la saba, aliitoa puli ya inchi 4, yaani gurudumu la kupitishia mkanda, kwenye dramu ya mashine, lile pipa linalozunguka na kuyapiga mahindi, akafunga ya inchi 6. Hesabu yake mnaijua kuliko mimi: kasi ikashuka hadi theluthi mbili, na kwa kuwa nishati ya pigo hufuata mraba wa kasi, pigo likashuka chini ya nusu. Mahindi yalipokauka tukapukuchua tena, na katika punje 100 nilihesabu 6 tu zilizopasuka. Yote hayo yaligharimu puli moja kuukuu, siku kadhaa za jua, na subira ambayo wale vijana, wenye akili kuliko mimi na fundi wangu, hawakuja nayo.

Ndiyo maana nasema, shikeni mashine kwa mikono yenu. Msione haya kuingia chini ya trekta na kutoka na grisi kwenye kola ya shati. Mwanafunzi anayemaliza mwaka wa nne bila kujua sauti ya beringi iliyoanza kufa amedhulumiwa, na kwa sehemu amejidhulumu mwenyewe. Jifunzeni kuchomelea. Jifunzeni udongo kama mnavyojifunza injini. Andikeni kila kipimo siku ileile. Funikeni kila mkanda na kila shafti, kwa sababu shafti ya nyuma ya trekta inayozunguka mara 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde, na khanga ikinaswa hakuna mkono utakaowahi kuzima injini.

Lawama hii si yenu peke yenu. Katika miaka iliyofuata kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, niliona pawatila, yale matrekta madogo ya kusukuma kwa mikono, zikishushwa kwenye malori huku watu wakizishangilia. Ni mashine nzuri, yenye silinda moja na nguvu za farasi 12 hadi 16, na imezaliwa kwa ajili ya majaruba yaliyolowa maji. Nyingine zilipelekwa kwenye udongo mkavu mgumu, zikaishia kuvuta tela za matofali au kulala chini ya mwembe kwa kukosa mkanda. Sisi watu wazima tulihesabu mashine zilizogawiwa, hatukuhesabu ekari zilizolimwa, na leo tunawafundisha ninyi kupima kwa jicho lilelile. Tena tunawaambia wazazi kwamba uhandisi kilimo ni fungu la aliyekosa udaktari, ilhali mama zenu wanapinda migongo kwa jembe la mkono tangu alfajiri. Mliopangiwa kozi hii bila kuichagua, nawaomba muwatazame mama hao kwanza kabla ya kuikimbia.

Nanyi wanne, kama barua hii itawafikia, sina kinyongo nanyi. Mashine yenu ipo uani kwa yule mama, imefunikwa turubai, na ile puli ya inchi 6 bado imefungwa. Gunia la kwanza alilichambua punje kwa punje kwa siku mbili. Msimu ujao atavuna kuanzia mwezi wa sita. Njooni mapema, mlale kijijini, na mje na kipimo cha unyevu. Fundi ameahidi kuwafundisha kubadilisha puli, na mimi nitakuwepo na chupa yangu ya chumvi.

Ni mimi mzee wenu.