Ziara ya wanafunzi ianzie kule watu walikohamia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahadhiri wenzangu wa mipango miji, pamoja na wakuu wa vitivo wanaoidhinisha fedha za ziara za mafunzo.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka wanafunzi kwenye maeneo ya miji yaliyobomolewa na kujengwa upya. Siku yenyewe huenda hivi: basi linafika, wanafunzi wanavishwa kofia ngumu, wanaoneshwa mfano wa mtaa mpya ndani ya sanduku la kioo, ofisa anaeleza idadi ya ghorofa na maegesho, inapigwa picha ya pamoja, basi linageuza. Safari moja, mwanafunzi aliyesimama nyuma kabisa aliuliza, "Waliokuwa wanaishi hapa wako wapi sasa?" Mwenyeji wetu akamjibu, "Walilipwa." Nami, badala ya kumsaidia mwanafunzi wangu kuuliza tena, nilitazama saa nikawahimiza wapande basi. Aliuliza wako wapi, akajibiwa habari za malipo, nami nikaliacha lipite. Linaniuma hadi leo.

Ombi langu ni moja. Ziara ianzie kule watu walikohamia, ndipo ije kwenye majengo mapya.

Chukua kijito cha Cheonggyecheon jijini Seoul, mradi unaosifiwa karibu katika kila darasa la fani hii. Kuanzia 2003 barabara ya juu iliyokifunika ilivunjwa, na mwaka 2005 maji yakaonekana tena, kwa urefu wa karibu kilomita 6. Ni kazi nzuri, sibishi. Lakini anayesimama ukingoni ataona maji tu. Anayewafuata wachuuzi walioondolewa pale atakuta kwamba mamia yao walipelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Dongdaemun, na miaka michache baadaye uwanja huo nao ukavunjwa kupisha jengo lililosanifiwa na Zaha Hadid, lililofunguliwa 2014. Wachuuzi wakafungasha mara ya pili. Habari hiyo huipati ukingoni mwa maji.

Au tazama West End ya Boston, mtaa uliofyekwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu wakubwa waliuita mtaa wa mabanda. Mwanasosholojia Herbert Gans alihamia humo mwaka 1957 akaishi na watu kwa miezi kadhaa, akakuta mtaa wenye undugu na ujirani ambao hakuna ramani iliyouonesha. Baada ya ubomoaji, mwanasaikolojia Marc Fried aliwahoji waliotawanywa, akakuta wengi wana huzuni inayofanana na ya kufiwa. Wote wawili walijua waliyoyajua kwa sababu walikaa na watu. Sisi tunawapa wanafunzi saa tatu, moja kati ya hizo ikiwa ya chakula.

Hata tunapofundisha habari za mradi ulioshindwa, tunakimbilia picha. Karibu kila mwanafunzi ameona jengo mojawapo la Pruitt-Igoe, mtaa wa nyumba za umma wenye majengo 33 kule St. Louis, Marekani, likiporomoka kwa baruti mwaka 1972. Anatoka darasani akiamini kosa lilikuwa ghorofa 11 zenyewe. Haambiwi kwamba matengenezo ya majengo yale yalitegemea kodi za wapangaji maskini, ndani ya jiji ambalo wakazi wake walipungua kutoka zaidi ya 850,000 mwaka 1950 hadi takriban 620,000 mwaka 1970. Vyumba vikawa vitupu, mapato yakashuka, lifti zikaharibika zikabaki hivyo. Kwa hiyo mbele ya jengo lolote jipya nataka mwanafunzi aulize: lifti hii ikiharibika mwaka wa 15, nani atalipa?

Kuhusu fidia, wafundishwe kuisoma orodha kwa majina yasiyokuwamo. Mara nyingi fidia humfuata mwenye hati. Aliyepanga chumba kwa mpangaji mwenzake, au fundi aliyeweka cherehani chini ya ngazi, ni rahisi kuachwa nje. Watu hao wanapatikana, mradi mtu awatafute. Afike alfajiri wanapotoka kwenda kazini, apande nao gari, ahesabu dakika za safari aliyokuwa akiimaliza mtu kwa miguu kabla hajahamishwa.

Nina tahadhari pia. Kwenye mtaa unaosubiri kubomolewa, mgeni mwenye daftari anaogopesha, kwa kuwa mara nyingi kuhesabiwa kwa nyumba ndiko hutangulia kuvunjwa kwake. Wanafunzi wajitambulishe mapema, waombe ruhusa kabla ya kupiga picha, wasiahidi chochote. Na wakishaandika ripoti, nakala irudi kwa waliowapa habari, kwa lugha wanayoisoma. Nimewahi kuulizwa na mzee mmoja, "Wale watoto wa mwaka juzi waliandika nini?" Ripoti ilikuwa kabatini ofisini kwangu. Nilimpelekea wiki iliyofuata, naye akanisahihishia kurasa mbili.

Wakuu wa vitivo, haya yanahitaji siku mbili badala ya moja, na nauli ya kuwarudisha wanafunzi kwenye mtaa uleule mwaka unaofuata. Tafadhali ziingizeni katika bajeti ijayo.

Mhadhiri wa mipango miji